Mtoto anashika kila kitu, anavaa kila nguo: tupeane uzoefu

Habari za jioni wazazi wenzangu. Mwanangu ana mwaka na miezi minane, tunaishi Tabata. Tangu aanze kutembea mikono yake haitulii. Nikichambua mchele anatumbukiza mikono mpaka viwikoni, kisha anatulia kimya. Juzi nimemkuta kabatini kajifunika mtandio wangu wa shifoni, anausugua shavuni. Akauacha, akakamata jinzi ya baba yake, akasugua nayo, akaurudia mtandio. Nilisimama mlangoni sikumsemesha. Bibi yake anasema ni utundu, nimchape mikono. Mimi naona anasoma. Hajajua kutamka "laini" wala "inakwaruza", ila ngozi yake imeshajua tofauti. Wa kwenu wakoje? Mnawapa nini?

Mama Pacha, Mbagala
Usimchape, mama. Mimi nashona. Vipande vinavyobaki nawawekea pacha wangu kwenye ndoo: kitenge, lesi, satini, mahameli, kipande cha gunia la katani. Vifungo vyote nimevitoa. Wana miaka mitatu sasa. Mmoja anafumba macho, anaingiza mkono, anakwambia hii kanga mpya, hii ya bibi. Kanga mpya ni ngumu kabla haijafuliwa, ya bibi imefuliwa miaka mpaka imekuwa nyororo. Hakuna aliyemfundisha. Ongeza na dodoki. Likiwa kavu linaparuza, likilowa linalainika, watoto wanashangaa kweli.

Baba wa Kigamboni
Wangu alikuwa kinyume kabisa. Tulimpeleka ufukweni ana miaka miwili, nikamshusha mchangani, akakunja miguu akalia mpaka sauti ikakauka. Nikamshusha tena kwa nguvu, nikidhani atazoea. Hilo linaniuma hadi leo. Hata nguo yenye lebo shingoni alikuwa anaivua. Tukaanza upya nyumbani: mchanga mkavu kwenye beseni, yeye na kijiko tu. Wiki nzima kijiko. Baadaye kidole kimoja. Lebo zote nikazikata, na nguo mpya tunaifua kwanza ndipo avae. Imechukua kama miezi minne. Jumapili iliyopita kakaa mwenyewe Coco Beach, kwenye mchanga wa maji, anajifukia miguu. Mke wangu alilia.
Kama mtoto anakataa nguo, chakula na kushikwa kiasi cha kusumbua maisha yake, semeni kliniki. Sisi tulielekezwa kwa mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtoto aweze shughuli za kila siku kama kuvaa, kula na kucheza, na wazo la kijiko lilitoka kwake.

Mama wawili
Maharage msiwaachie peke yao! Wangu alisukuma moja puani, likavimba humo, tukakesha hospitali. Siku hizi nampa unga wa sembe kwenye sinia, nami nimekaa pembeni.

Shangazi wa Temeke
Mimi nizungumzie kuvaa. Nalea mtoto wa kaka yangu, wa kiume, miaka minne. Asubuhi anapiga kilemba cha kitenge na viatu vyangu vya mchuchumio, anakokota koo koo koo sebuleni. Jirani akaniambia namharibu. Mchana huohuo akavaa kanzu ya babu yake na barakashia, akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, anakohoa kama babu. Jioni ni kondakta wa daladala, kapachika noti za karatasi vidoleni. Anajaribu watu anaowapenda, mmoja mmoja. Nimemwekea sanduku la nguo za mitumba kutoka Karume, nafua, nampa. Sharti langu ni moja: kanga au mtandio haufungwi shingoni. Kiunoni, kichwani, sawa. Shingoni hapana, hata nikiwepo.

Mama wa Kimara
Wangu ni tope, mvua ikinyesha simkuti ndani. Namwacha, kisha sabuni mpaka kwenye kucha, na dawa ya minyoo simkosishi, Juni na Desemba.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimewasoma wote. Baba wa Kigamboni, nimemsomea na mama mkwe habari yako. Hakusema kitu, akaingia chumbani kwake, akatoka na dodoki jipya, akaketi na mjukuu mkekani. Mtoto kaligusa kwa kidole, karudisha mkono haraka, kamtazama bibi yake usoni. Bibi kalisugua kwanza mkononi mwake mwenyewe. Sasa kidole kimerudi tena.