Kusugua mwili kwa brashi kavu: miguu inawaka, nikaze au niache?

Mpenda_Maji:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na kucheka mcheke kwa kiasi.

Wiki tatu zilizopita nilianza kujisugua kwa brashi kavu kabla ya kuoga. Video za mtandaoni ndizo zilizoniponza: unaanzia nyayoni unapanda kuelekea moyoni, eti sumu zinatoka mwilini na vile vibonyeo vya mapajani vinafutika. Nikanunua brashi ya mpini mrefu, nikawa najisugua kila asubuhi dakika kumi nzima. Wiki ya kwanza ngozi ililainika mpaka nikawa najipapasa mikono kila saa.

Sasa tangu juzi nikipaka losheni, miguu kuanzia gotini kushuka inawaka kama nimemwagiwa spiriti. Usiku inawasha, silali. Aliyenishawishi anasema hizo ndizo sumu zinatoka, nikaze. Vibonyeo viko palepale. Nifanyeje?

Kidole_Juu:
Sumu zinatoka kwa brashi? Basi mimi nilivyosugua sufuria miaka yote hii ningekuwa malaika. 😂

Nyota_Njema:
Msimkatishe tamaa mwenzenu. Mimi nina zaidi ya mwaka nasugua na sijawahi kuwashwa. Ila ni mara moja kwa wiki, na brashi naipitisha kama napangusa vumbi kwenye kioo cha simu. Dakika tatu, nne, basi. Dada, wewe ulikuwa unapiga deki.

Ngozi_Kwanza:
Nafanya kazi na wagonjwa wa ngozi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, lakini zina kazi. Ndizo ukuta unaozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Ngozi hujibadilisha yenyewe, na mzunguko mzima huchukua takriban mwezi mmoja. Brashi inaharakisha tu kudondoka kwa zile zilizokwisha muda wake, ndiyo maana wiki ya kwanza ulilainika. Ukirudia kila siku unaanza kubomoa ukuta wenyewe. Losheni uliyoizoea ikianza kuwaka, ujue ngozi imechubuka hata kama huoni kitu. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usingoje kuuona.

Sumu ni kazi ya ini na figo. Maji ya limfu, yale yanayokusanya uchafu kati ya seli na kuurudisha kwenye damu, husukumwa na misuli unapotembea na unapopumua. Hakuna uthibitisho wa maana kwamba brashi inaongeza kitu hapo. Vibonyeo navyo vinatokana na mafuta yaliyo chini ya ngozi kusukuma juu katikati ya nyuzi zinazoishikilia ngozi. Brashi haifiki huko. Ukiona vimepungua baada ya kusugua, ngozi imevimba kidogo tu, baada ya saa chache vinarudi.

Acha kabisa mpaka muwasho uishe, hata wiki mbili. Oga maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na upake mafuta mazito mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Ukiona majimaji, usaha au uvimbe, nenda hospitali.

Baba_Mapacha:
Naongeza la kwangu. Nilikuwa na chunjua moja gotini, nikawa naipitia na brashi bila kujali. Baada ya muda zikaota nyingine zimejipanga mstari mpaka karibu na kifundo cha mguu! Mfamasia aliniambia nilikuwa nazipanda mwenyewe kama mbegu.

Ngozi_Kwanza:
@Baba_Mapacha kweli kabisa. Chunjua, vidonda, chunusi zilizoiva, pumu ya ngozi, ngozi iliyonyolewa leo: hapo brashi haipiti. Usoni pia hapana.

Mpenda_Maji:
Asanteni sana, nimeelewa. Maswali mawili. Magoti na viwiko vimeanza kuwa vyeusi kuliko zamani, vinahusiana? Na brashi ninaining'iniza bafuni, ni sawa?

Ngozi_Kwanza:
Vinaweza kuhusiana. Ngozi nyeusi ikisuguliwa mno hujilinda kwa kuongeza rangi, na weusi huo huchukua miezi kufifia. Usijaribu kuusugua utoke, ndiyo utazidi. Wengi hukosea hapo.

Brashi itoe bafuni. Unyevu ule ni shamba la ukungu. Ioshe kwa sabuni kila wiki, uikung'ute, uilaze nyuzi zikitazama chini mahali penye hewa, isije maji yakazama kwenye mbao. Na kila mtu na yake.

Mpenda_Maji:
Hapo pa "kila mtu na yake" umenishika. Mdogo wangu anaitumia hiyohiyo. Na ndiye aliyekuwa ananiambia nikaze.

Kidole_Juu:
Yeye hawashwi?

Mpenda_Maji:
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Anasema alisugua siku mbili tu akachoka.

Nyota_Njema:
😂😂 Mnunulie yake, hiyo ya sasa itupe. Ukipona anza na mikono, mara moja kwa wiki, uje utuambie.