Kwa nini Daguerre amemfunika Niépce?

Fundi Picha, Moshi
Ndugu zangu, habari za leo. Nina studio ya picha karibu na stendi ya Moshi, na vijana wanaojifunza kazi kwangu wameniuliza ni nani aliyetangulia kupiga picha. Niliwatajia Mfaransa Nicéphore Niépce, lakini kitabu chao kinaanza na Louis Daguerre, mwaka 1839. Niépce alifanya nini hasa, na mbona hatajwi?

Mwalimu Mstaafu, Arusha
Umewajibu sawasawa. Niépce alizaliwa Chalon-sur-Saône mwaka 1765. Kati ya picha zilizopigwa kwa kamera na kusalia hadi leo, iliyo ya zamani kuliko zote ni yake, na aliipiga kutoka dirishani kwake Le Gras mnamo 1826 au 1827. Alipaka lami ya Yudea juu ya bamba la pewta, yaani mchanganyiko wa metali wenye bati kwa wingi. Lami iliyopigwa na mwanga ikawa ngumu, na ile iliyobaki kivulini ikaoshwa kwa mafuta ya lavenda. Wewe fundi utaona jambo moja upesi: kuta zinazotazamana zote zimepata jua, kwa sababu lilivuka anga lote bamba likiwa bado ndani ya kamera. Wengi hutaja muda wa saa 8, ingawa waliojaribu njia hiyo upya wanasema zilihitajika siku kadhaa.

Msomaji wa Sakina
Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongezea. Mwaka 1827 Niépce alikwenda Uingereza kumwona kaka yake Claude aliyekuwa mgonjwa, akataka kuiwasilisha kazi yake Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, lakini haikupokelewa kwa kuwa hakukubali kuitoa siri yake yote. Nadhani hapo ndipo jina lake lilipoanza kufifia. Aliingia ubia na Daguerre mwaka 1829, akafariki 1833. Mwenzake akabaki na kazi, akaja na njia nyingine ya bamba la fedha, iodini na mvuke wa zebaki, akaiita kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre faranga 6,000 kwa mwaka, na Isidore, mwana wa Niépce, 4,000. Daguerre alistahili sifa, lakini si peke yake.

Fundi Picha, Moshi
Nawashukuru sana. Je, bamba lenyewe bado lipo?

Mwalimu Mstaafu, Arusha
Marahaba, msomaji. Ndiyo, fundi, lipo Chuo Kikuu cha Texas, Austin, baada ya mwanahistoria wa picha Helmut Gernsheim kulifichua mwaka 1952. Lakini waeleze vijana kwamba nakala inayochapishwa mara nyingi vitabuni iliguswa kwa rangi na Gernsheim. Kwenye bamba lenyewe picha ni hafifu mno, na huonekana tu ukilitazama kwa pembe inayofaa.