Mafundi tairi na wenye sheli, mtatujazia upepo kwa kukisia mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na leo siifichi.

Magari yetu mengi ni ya Kijapani, na ukifungua mlango wa dereva utaiona stika ya upepo kwenye nguzo. Haipo pale kwa urembo. Lakini mtajie fundi tairi hiyo stika, anaona umemtukana. Yeye anainama, anasoma ubavuni mwa tairi, anakuta imeandikwa 44 au 51 PSI (kizio cha kupimia upepo), anapunguza kidogo kwa makadirio yake, basi, kakujazia 45. Hiyo namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe! Imeandikwa na kiwanda ambacho hakijui kama tairi litafungwa kwenye Vitz au kwenye Noah. Kipimo cha kujazia amekiweka aliyetengeneza gari, anayejua uzito wake, breki zake na saizi ya tairi alizolifungia.

Juzi nimeingia sheli moja barabara ya Morogoro, jirani kabisa na nyumbani, matairi bado ya baridi. Kioo cha geji kimepasuka, mshale umekwama juu, haurudi sifuri hata mpira ukiwa umening'inia ukutani. Kijana kachomeka, kasikiliza, kapiga tairi teke. "Tayari bosi." Nikatoa geji yangu mwenyewe: mbele kushoto 46, mbele kulia 39. Tairi mbili za mbele zinapishana psi 7, halafu mtu anakutakia safari njema! Stika yangu inasema 220 mbele na nyuma. Nikamwonyesha, akanijibu: "Bosi unaenda mkoani, lami ndefu, upepo lazima uzidi."

Kwa wanaotishwa na yale maandishi ya Kijapani: hayo 220 ni kilopaskali, na pembeni kwenye mabano huwa kuna 2.2. Gawanya 220 kwa 6.9 unapata psi 32. Stika ikisema 230 ni 33, ikisema 240 ni 35. Hesabu ya dakika moja, na simu kila mtu anayo. Ila angalia na saizi ya tairi iliyoandikwa hapohapo, kwa sababu wengi wameshabadilisha rimu na stika inazungumzia tairi nyingine.

Sasa tairi likishakaza kama ngoma, linakanyaga lami kwa katikati tu. Kashata, yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga lami, zinaliwa katikati, gari linaruka kwenye kila tuta, na kwenye mvua breki unaikanyaga lakini gari linaendelea kwenda. Likiwa na upepo mdogo ni hatari zaidi: ubavu unajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, joto linapanda kwa ndani, na ukiwa na abiria wanne, mizigo na mwendo wa 100 kutoka Chalinze, hapo ndipo tunasikia "tairi limepasuka". Tukishazika tunalaumu tairi la Kichina.

Na kuna kundi la pili la mafundi linaloniudhi kuliko la kwanza. Umetembea saa mbili juani, unasimama, fundi anapima anakuta 37, anasema upepo umezidi, anautoa mpaka 32. Jamani! Tairi likitembea linapata moto na upepo wake unapanda psi 4 au 5, hiyo ni kawaida na waliotengeneza gari wameshaipigia hesabu. Ukiutoa, kesho asubuhi una 27 au 28. Kipimo cha stika ni cha tairi baridi, yaani gari limelala au limesimama saa tatu hivi. Ukilazimika kupima likiwa la moto, ongeza kama limepungua, lakini usitoe.

Atatokea mtu hapa aseme psi nne ni mambo madogo. Mwaka 2000 huko Marekani, Firestone waliita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka barabarani, magari kupinduka na watu wengi kufa. Matairi yalikuwa na kasoro zake, sawa. Lakini upepo nao ulikuwa ndani ya ule ugomvi: Ford walikuwa wamependekeza 26, Firestone wakasisitiza 30. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ambayo ndiyo iliyoleta taa ya upepo kwenye dashibodi za magari yao. Na hata hiyo taa inasubiri upepo ushuke asilimia 25 chini ya stika ndipo iwake. Sisi ambao magari yetu mengi hayana taa hiyo tumebaki na teke la kijana wa sheli.

Halafu wanatuuzia naitrojeni! Hewa ya kawaida ina naitrojeni asilimia 78 tayari. Naitrojeni uliyojaziwa kwa geji mbovu ni kipimo kilekile kibovu, tofauti ni kwamba umelipia.

Wenye sheli, pampu zenu za mafuta zina stika ya Wakala wa Vipimo na mnazilinda kwelikweli, kwa sababu pale kuna hela. Geji ya upepo iko hatua chache tu kutoka pampu na imekufa. Badilisheni geji, wafundisheni vijana kufungua mlango na kusoma stika kabla ya kuchomeka mpira. Na Wakala wa Vipimo, wapimeni na huku kwenye upepo, mfungie kila geji inayodanganya.

Mwenye kujua sheli yenye geji inayosoma sawa kati ya Kimara na Kibaha aitaje hapa, na aseme ameilinganisha na geji gani.