Uhakiki wa filamu ya Doom (2005): hoja zangu naziona nyepesi, naomba ushauri

KoridoNyeusi:
Wakuu, habarini za muda huu.

Naandaa video ya Kiswahili ya dakika 15 kuhakiki Doom, ile filamu ya 2005 iliyotokana na gemu la kompyuta la Doom la 1993 na kuongozwa na Andrzej Bartkowiak, ndani yupo Karl Urban, Rosamund Pike na Dwayne Johnson. Hoja nilizonazo ni tatu: Jehanamu ya kwenye gemu imeondolewa, giza limezidi, na kile kipande cha kuona kwa macho ya mpiganaji kimechelewa kuja. Nikisoma rasimu naona ni manung'uniko ya shabiki tu. Mtu ambaye hajawahi kulicheza gemu nitamwonyeshaje kwamba filamu yenyewe ina kasoro? Na gemu la 1993 mnalirekodi kwa kutumia nini?

mzee_wa_konsoli:
Mkuu, anza na mwendo, hayo mengine yatafuata. Ramani ya kwanza ya Doom ya 1993 imewekewa muda lengwa wa sekunde 30. Mule ndani hatari huikimbii, unaikimbilia: moto wa imp, zimwi linalorusha moto, unauona ukija, unakwepa pembeni, unamsogelea na shotgan. Adui yuko wazi, na ujuzi wako uko miguuni.

Filamu imefuata Doom 3 ya 2004, ambayo ni gemu la kunyata gizani. Hapo napo wamechukua nusu. Doom 3 ilipotoka, ukishika tochi huna bunduki, ukishika bunduki huoni. Hofu yake ilitoka kwenye uchaguzi huo. Askari wa filamu wana taa kwenye silaha zao, kwa hiyo giza limebaki na uchaguzi umepotea. Matokeo yake ni kikosi kinachotembea kwenye korido mtu na mwenzake wakiitana, jambo ambalo Aliens ililifanya vizuri zaidi tangu 1986. Hiyo ni kasoro ya filamu, na asiyejua gemu ataielewa.

Binti_Pikseli:
Naunga mkono hilo la mwendo, ila Jehanamu usiiache, ibadilishie hoja. Ukisema "wameitoa" utajibiwa kwamba filamu ina haki ya kubadili. Uliza kama walichoweka badala yake kinasimama chenyewe.

Kwenye filamu, jozi ya 24 ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) inamgeuza mtu shujaa au zimwi kutegemea kama ana mwelekeo wa uovu. Sasa hiyo si hukumu ya dhambi kabisa? Wameifukuza Jehanamu mlangoni, ikaingilia dirishani ikiwa imevaa koti la maabara. Ndiyo maana maelezo ya Samantha, yule mwanasayansi anayeigizwa na Rosamund Pike, yanachosha: sayansi inaombwa ifanye kazi ya dini, na hairuhusiwi kukiri.

Namba yenyewe nayo ina shida. Binadamu ana jozi 23, sawa. Lakini sokwe na gorila wana jozi 24 tayari, na wanasayansi wanajua kwamba kromosomu yetu ya 2 ilitokana na mbili za mababu kuungana. Kuwa na jozi 24 peke yake hakumpi kiumbe uwezo wa ajabu. Weka picha ya kromosomu za sokwe kwenye skrini kwa sekunde tano, usiongee sana, watu watacheka wenyewe.

Mwana_Ngorongoro:
Kwa watazamaji wa huku usisahau kwamba kituo chao cha Mirihi kinaitwa Olduvai. Ni bonde letu hili hili, alikopata Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Halafu mifupa waliyoichimba huko Mirihi wameiita Lucy, jina la mabaki yaliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Wamebeba majina mawili makubwa ya elimu ya chimbuko la binadamu, kisha akiolojia inaishia kuwa pambo la chumba kimoja. Wazazi wa Reaper (Karl Urban) na dada yake Samantha walifia kwenye machimbo hayo, na hata hilo linapitiwa juu juu. Mimi ningeipa dakika mbili nzima.

KoridoNyeusi:
Asanteni sana, hiyo ya sokwe sikuifikiria kabisa. Na kile kipande cha macho ya Reaper? Wengi wanakisifia, sitaki kukiponda bila sababu.

mzee_wa_konsoli:
Kisifie panapostahili. Ni kama dakika tano, na zimwi la Pinky mwishoni ndilo wazo bora la filamu nzima: mtu aliyepoteza nusu ya chini ya mwili kwenye safari ya Ark, lango la kusafirisha watu kati ya Dunia na Mirihi, anarudi akiwa nusu mnyama nusu mashine, sawasawa na zimwi Pinky wa Doom 3 mwenye miguu ya nyuma ya chuma. Ubaya ni kamera. Karibu muda wote inasonga mbele, na maadui wanasubiri zamu zao. Weka sekunde kumi za filamu na kumi za gemu ubavu kwa ubavu, zima sauti zote mbili. Upande wa gemu utaona mtu anarudi nyuma, anazunguka nguzo, anabadili mawazo.

Fundi_Fremu:
Kurekodi: tumia Chocolate Doom, programu ya kuchezea gemu hilo la zamani kwenye kompyuta za sasa, na faili la DOOM1.WAD la toleo la bure, lina sehemu ya kwanza yote. Picha asilia ni 320 kwa 200 lakini ilikusudiwa kuonekana kwenye skrini ya 4:3, kwa hiyo ukiikuza sawa pande zote nyuso zinabonyea. Rekodi 1600 kwa 1200, hapo upana umezidishwa mara 5 na urefu mara 6, kisha punguza hadi 1440 kwa 1080 wakati wa kuhariri. Kwenye OBS, programu ya kurekodi skrini, weka fremu 60 kwa sekunde. Gemu linakwenda fremu 35 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30, nyingine zinarukwa na mwendo unakatakata, na hoja yako kuu ni mwendo.

Kuhusu giza, usihukumu kwa nakala ya mtaani iliyobanwa. Tumia Blu-ray, na taja toleo: lile refu lina dakika 113 hivi. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde, inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 4, toleo hilo hilo linashuka hadi kama 108, kwa hiyo dakika utakazotaja hazitalingana na za mtazamaji.

Pandisha video ikiwa 1440p hata kama umehariri kwa 1080p, vinginevyo YouTube itageuza vivuli kuwa vibokisi na watu watadhani ni kasoro ya filamu. Na ile habari inayosambaa kwamba kutumia sekunde kumi za filamu ya mtu ni halali haipo kwenye sheria yoyote: kata klipu fupi, ongea juu yake, na muziki wa filamu usiuache ucheze peke yake, ndio unaonaswa kwanza na mfumo wa YouTube wa kukagua hakimiliki.