Kustaafu au kuongeza miaka kazini? Tupeane uzoefu

Mama_Zimma: Machi nafikisha 60. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya binafsi Industrial Area, Nairobi, na mkataba wangu unaishia hapo, lakini mkurugenzi anataka nibaki miaka miwili kwa mkataba mpya. Mzee wangu alishastaafu, anasema inatosha, twende Nyeri tufuge ng'ombe. Kitinda mimba yuko mwaka wa pili chuoni. Waliopitia hapa, semeni yaliyowakuta. Mahubiri ninayo ya kutosha nyumbani.

Mwalimu_Kayole: Sisi walimu wa serikali, wa TSC, hatuulizwi, dada. 60 ikifika unakabidhi chaki. Ila 2009 serikali ilipopandisha umri kutoka 55 hadi 60, mimi nilikuwa na 53, nimeshaanza kuaga wenzangu. Ile mitano ya nyongeza ndiyo iliyomaliza mkopo wa sacco na kumsomesha kifungua mimba chuo kikuu. Vijana waliokuwa wakingoja nafasi walinuna, na siwalaumu. Jambo moja: mshahara ukikatika, pensheni haianzi kesho yake. Weka ya kula kando.

Mzee_wa_Umoja: Mimi nilikuwa mekanika kiwandani. Walinichinjia mbuzi, na kabla nyama haijashuka tumboni nilikuwa Murang'a. Mama, ushago wa Krismasi na ushago wa Julai ni vitu viwili. Krismasi boma limejaa, kila mtu anakuita. Julai ni baridi, ukungu, wewe na redio. Kibarua hajaja, ng'ombe anakungoja gizani, na kila harambee wewe ndiwe mgeni wa heshima kwa sababu kijiji kizima kimesikia habari za kiinua mgongo chako. Shosho, mke wangu, ana presha na kliniki yake iko Nairobi. Wajukuu pia. Akawa anakuja kuwaona wiki moja, ikawa mwezi, mwishowe nikamfuata. Shamba analima ndugu yangu. Asubuhi niko karakana ya kijana mmoja Kariobangi Light Industries, nusu siku tu. Hela ni kidogo, lakini kuna mtu ananiita, "Mzee, hebu sikiliza hii injini." Kabla hamjanunua ng'ombe, kaeni huko Julai nzima.

Sista_Pangani: Nilikuwa muuguzi, niliondoka na 55 kwa hiari yangu. Magoti na zamu za usiku havipatani. Sijutii, ila kadi ya matibabu ya kazini ilikufa siku ileile niliyorudisha sare. Mama, mkataba huo mpya una bima? Hilo liulize kabla ya mshahara.

Fundi_Gikomba: Nyinyi mna bahati ya kuchagua. Mimi nina 67 na bado nashona, macho yakikataa mjukuu ananitungia uzi kwenye sindano. Hakuna wa kuniandikia barua ya kustaafu.

Karani_wa_Ajira: Nafanya kazi ya rasilimali watu, niongeze machache. Kampuni za binafsi hazina umri wa kustaafu uliowekwa na sheria, ni mkataba wako. Ukifika 60 unaweza kudai akiba yako ya uzeeni ya NSSF. Tangu mwisho wa Desemba 2024, pensheni ya aliyefikia umri wa kustaafu haikatwi kodi, lakini mshahara wa mkataba mpya utakatwa kama kawaida. Ukitoka, ile 2.75% ya mshahara ya bima ya afya ya SHA haikatwi tena na mwajiri, unajilipia mwenyewe.

Mama_Zimma: Asanteni. Nimempa mzee simu asome la Umoja. Amecheka, kisha akaniuliza kama huyo jamaa ni mtu wa Murang'a ya juu au ya chini, maana anaona tofauti iko hapo! Jumatatu nitaomba mwaka mmoja badala ya miwili, mtoto avuke wa tatu, na bima iandikwe ndani. Sasa swali kwa akina baba: mliostaafu mkawaacha wake zenu bado kazini, mchana mlikuwa mnafanya nini?

Mzee_wa_Umoja: Murang'a ya juu, mama. Mwambie.