Tupeane uzoefu: mgogoro wa shamba kijijini, uanze kwa wazee wa ukoo au baraza la serikali?

Wakuu, wengi tunapata taarifa za mpaka kuvamiwa kijijini na hatujui pa kuanzia. Nitangulie na ya kwetu, Kilimanjaro.

Jirani aling'oa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, kwenye kihamba chetu (shamba la familia), akapanda kahawa upande wetu. Kaka yangu alitaka kwenda kata siku hiyohiyo. Mama akakataa, akaita wazee wa koo zote mbili, wakakaa palepale shambani. Mzee mmoja aliyekuwepo masale yale yakipandwa aliutembea mpaka wote akionyesha mfereji wa zamani na kisiki cha mti uliokatwa. Jirani alinyamaza, masale yakarudishwa. Mtendaji wetu wa kijiji amehamishiwa tu hapa, mpaka ule angeujulia wapi? Ila mzee yule alipofariki, watoto wa jirani wakaanza upya, na sisi hatukuwa na karatasi hata moja. Tukayarudia yote mbele ya baraza la ardhi la kijiji, safari hii kwa muhtasari wenye sahihi za mashahidi. Ushauri wangu: wazee waamue, kijiji kiandike.

Karibuni, nanyi mlipitia wapi?

*

Mkuu, kwa mpaka nakubali. Kwa mjane, hapana. Mimi niko Kagera. Mume wangu alipofariki, kikao cha ukoo kiliamua kibanja, yaani shamba letu la nyumbani, kiende kwa shemeji zangu, nami nimekaa hapohapo bila kuulizwa neno. Wazee haohao ndio waliokula ndizi za shamba hilo nikilipalilia!

Baraza la ardhi la kijiji lilinisikiliza. Kisheria lina wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Hao akina mama ndio waliouliza maswali ya maana. Wakaniambia ukweli kwamba mirathi haiamuliwi pale, nikafungue Mahakama ya Mwanzo. Nikafungua. Nauli na kuahirishwa kwa shauri vilinichosha sana, lakini kibanja ninacho.

Dada zangu, msitishwe na neno "mila". Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu alipinga, na jaji akasema mila ya kumzuia mwanamke kuuza ni ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

*

Nyongeza kwa wanaokimbilia kata: tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu, linapatanisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimemwona baba mdogo akisubiri hukumu kata ambayo isingekuja.

*

Mimi ni mkulima wa Morogoro, na swali langu ni: wazee wa nani? Ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu, wazee wetu wakaita kikao. Wafugaji hawakuja, maana nao wana wazee wao na hawakuona kwa nini wahukumiwe na mila za watu wengine. Kwa kweli walikuwa na hoja. Vijana wetu wakaanza kunoa mapanga, na wilaya yetu imeshazika watu kwa ugomvi wa namna hii.

Hapo serikali ilitufaa. Halmashauri ya kijiji ilileta mpango wa matumizi bora ya ardhi, mkutano mkuu wa kijiji ukaupitisha, mapito ya mifugo yakachorwa. Mpango peke yake ungebaki kabatini kwa mtendaji. Siku ya kuchimbia vigingi tuliwabembeleza wazee wa pande zote waje, wakaja, na wafugaji wenyewe wakasogeza njia kidogo kulikwepa bwawa letu. Vigingi hivyo mpaka leo hakuna aliyeving'oa.