Daktari wa wanyama asiyemgusa mnyama anatibu nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina paka dume, Kibopa, ana miaka minne. Juzijuzi, usiku, nikamwona anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka. Haipiti dakika mbili karudi tena. Mchanga mkavu. Akitoka anajilamba huko chini bila kukoma. Nikadhani amefunga choo, maana mkao ni ule ule. Mimi sijasomea, nikikosea hapo si ajabu.

Asubuhi nikampeleka kwa daktari. Koti jeupe, cheti ukutani, kila kitu. Yule bwana hakumtoa paka kwenye kikapu! Alimchungulia kupitia matundu, akauliza anakula nini, akasema, "Huyu amefunga choo." Mizani ipo pale pembeni, imerundikiwa maboksi. Uzito hakupima, joto hakupima, tumbo hakuligusa. Sindano ikaja kutoka chumba cha nyuma ikiwa imeshavutwa dawa, Kibopa akachomwa pale pale mlangoni mwa kikapu. Nikauliza ni dawa gani. "Ya kulegeza tumbo." Inaitwaje? "Hata nikikutajia hutaijua." Nikalipa nikaondoka nimenywea.

Jioni anatapika, amejikunja nyuma ya kapu la nguo, nikimshika anatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Napiga simu kule kule, aliyepokea ananiambia nimpe kipande cha paracetamol atulie. Paracetamol kwa paka, jamani! Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua. Bahati tu nilikuwa nalijua hilo tangu zamani.

Usiku huo huo nikampata daktari mwingine, mama mmoja mtaratibu. Akamtoa Kibopa amemzungushia taulo, akaweka mkono tumboni, akanyamaza. Kisha akaushika mkono wangu akauweka pale. Kibofu kimejaa, kigumu kama chungwa bichi. "Choo hakina shida. Mkojo ndio umeziba." Huku anaandaa vifaa akanieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume inakuwa nyembamba sana kuelekea mwisho, hivyo chembechembe kama mchanga au ute ukinasa pale, hakipiti kitu. Uchafu uliotakiwa kutoka unabaki kwenye damu, potasiamu inapanda, mwisho moyo unasimama. Ni suala la siku moja au mbili.

Halafu akaniuliza, "Asubuhi alichomwa nini? Nataka kumpa dawa ya kulala nimwekee mrija, lazima nijue kilichomo mwilini."

Sikuwa na jibu. Nimesimama pale na mnyama wangu anakufa, naulizwa swali la mtoto, nasema "ya kulegeza tumbo".

Kukosea kutambua ugonjwa naweza kusamehe, hata madaktari wetu sisi binadamu wanakosea. Lakini kunificha jina la kitu alichokiingiza kwenye mwili wa mnyama wangu, kwa sababu eti sitalijua? Nisilijue, sawa, andika kwenye karatasi, atakayelijua yupo!

Na msianze na "ungetafuta mwenye leseni". Huyo anayo. Leseni haimlazimishi mtu kunyanyua maboksi kwenye mizani, na bila uzito sijui hiyo dozi aliipiga kwa jicho gani. Mimi sasa naangalia mikono: anamshika mnyama au hamshiki. Nikiuliza anaeleza au anakasirika. Akishindwa anasema "hili limenizidi, mpeleke kwa fulani" au anachoma tu kitu ili usiondoke mikono mitupu. Na nampeleka mnyama akiwa mzima, chanjo au kukata kucha, nimwone daktari anavyofanya kazi kabla sijawa na shida. Nilichelewa kulijua hilo.

Kibopa alikaa na mrija na dripu siku tatu. Yupo nyumbani, kabadilishiwa chakula, ananinunia kwa ajili ya hicho chakula.

Jana nikarudi kwa yule wa kwanza, kwa upole kabisa, kuomba aniandikie jina la ile sindano. Akaniangalia. "Si amepona? Sasa unataka nini?"

Maboksi bado yapo juu ya mizani.